Mtaro wa Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja hapo Didia, mvua imekatika kidogo baada ya kunyesha mfululizo, mimi na mama mkwe tumesimama ukingoni mwa shamba la mahindi na majembe yetu. Mwanangu, nilikuwa mkamwana mgeni, mimba yangu ya kwanza ndiyo inaanza kuonekana, na kihenge cha nyumba ile kilikuwa kitupu. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa pale mbele yetu, kimesimama ndani ya maji, majani yamegeuka njano.

Juzi ulinipigia simu kwamba mahindi yako yana unjano na unataka kukimbilia dukani kununua mbolea. Subiri kwanza unisikilize.

Mimi kwetu ni Nkome, watu wa ziwani. Maji si mgeni kwetu, na mama yangu hakupanda kitu bondeni bila kuchimba mtaro kwanza. Didia ni nchi nyingine. Huku watu wameuona ukame, wameona ng'ombe wakianguka mmoja mmoja, na udongo wao mweusi wa mbuga ukishashika maji hauachii. Kwao kuyatoa maji shambani ni kumtukana aliyeyaleta. Nilipotaja mtaro, mawifi walinicheka: "Binti wa dagaa, huku maji hayamwagwi!" Nilinuna, maana mimi kununa najua. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenisikiliza.

Tulikuwa tumeshachimba kipande, maji yameanza kutiririka, baba mkwe akatokea. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akauziba mdomo wa mtaro kwa tope, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mayu," yaani mama, akamwambia mkewe, "umesahau mwaka ule tulivyofukua mchanga mtoni tupate maji ya kumpa mtoto? Leo Mungu katuletea mpaka mlangoni, ninyi mnayafukuza?"

Sauti ilimtetemeka. Na mimi niliyekuwa nimekuja na hasira zangu tayari, nilimwonea huruma.

Kwa heshima ya pale nyumbani, mkamwana habishani na mkwe wake, wala hampi kitu mkononi. Basi niling'oa shina moja la mahindi na mizizi yake, nikampa mama mkwe, naye akampa mumewe. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, inanuka uvundo. Mzee akainusa. Akang'oa la pili mwenyewe, akanusa tena. Kisha akakaa juu ya tuta, kwenye tope hivyo hivyo.

"Muulize mwenzako," akamwambia mama, nami nimesimama hapo hapo nasikia kila neno, "hayo maji atayapeleka wapi? Kwa jirani?"

"Mwambie baba," nikasema, macho chini, "yaende kwenye lambo la ng'ombe kule bondeni. Hayapotei. Tutayakuta."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Mmesikiana, au nirudie?"

Mzee hakucheka, ila aliliokota jembe nililokuwa nimeliweka chini, akatangulia. Shamba lake alilijua kuliko mimi. Alitupeleka chini kabisa, tukaanza kuchimba kutoka lamboni kupanda juu, tukizunguka shamba la jirani tusije tukammwagia balaa letu. Jua lilipotua maji yalikuwa yanashuka yenyewe, naye amesimama anayatazama yanavyoondoka. Ilimuuma, nilimwona.

Sehemu ya chini hatukuiokoa. Ya juu ilirudisha kijani taratibu, tukavuna, na kiangazi ng'ombe wakanywa lamboni. Mahindi mabichi yalipokuwa tayari, mzee alichoma la kwanza, akaliweka juu ya kigoda mlangoni kwangu, akageuka akaenda zake. Nililila huku nalia. Sijawahi kushukuriwa vizuri namna ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya mbolea, ng'oa shina moja utazame mizizi, uinuse. Mzizi nao unahitaji hewa. Ukikaa ndani ya maji unaoza, na mbolea utakayomwaga juu yake ni hasara tupu. Mtaro uchimbe kabla ya mvua, uanzie kule maji yatakakoishia, na useme na jirani kabla hujagusa mpaka wake. Uusafishe kila mwaka, usiwe mvivu. Shamba lisilotuama maji utaingia kupalilia mapema, wenzako bado wanazama kwenye tope. Mpunga uuache kwenye majaruba yake, huo ndio unaopenda kusimama majini. Na mzee wa hapo kwenu akikataa, usimcheke wala usimwite mshamba. Mwoneshe mzizi, umpe muda. Huenda bado anaikumbuka kiu.

Mungu akupe mvua, mwanangu, na inapozidi akupe moyo wa kuifungulia njia. Watoto wako wale, washibe, na waliokuzaa wakuone ukivuna.