Nimekuja Kukuamkia Tu

Mwaka huu nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wapya wa chuo nilichosoma. Nilipewa dakika kumi na chupa ya maji. Sikutaka kwenda. Sipendi hafla za nasaha, sipendi viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na zaidi ya yote sipendi watu wazima wanaosimama mbele ya watoto wa watu na kusema uongo kwa sauti ya upole. Lakini aliyenipigia simu aliniita dada, akaniuliza hali ya mama, akaniuliza hali ya kila aliyemo nyumbani, na alipofika kwenye ombi lake nilikuwa nimeshaona muhali kumkatalia. Nikasema, "Inshallah, ntakuja." Kwa hiyo nilikwenda kuulaani ugonjwa wa kuona muhali nikiwa bado ninaumwa.

Msemaji wa kwanza aliwaambia wapange muda wao. Wa pili aliwaambia wachague marafiki wema, utadhani marafiki wamepangwa mafungu sokoni Darajani na mtu anawabonyeza kama maembe kabla ya kununua. Wa tatu alikuwa mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Yeye aliwaambia kuwa siri ya mafanikio ni adabu. "Mtoto wa Kizanzibari," alisema, "anajulikana kwa kimya chake." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niliifungua ile chupa ya maji, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilikuwa na hasira hata kiu imenipotea.

Niliyowaambia wale vijana kwa dakika kumi nitayaeleza hapa kwa utulivu zaidi, ingawa utulivu wenyewe siuahidi.

Mimi ni mtu wa Tumbatu. Skuli nilianzia kisiwani, kisha nikawa navuka kwenda kusoma Mkokotoni. Skuli ilinifundisha mambo mawili, kunakili na kunyamaza, na yote mawili niliyapasi vizuri sana. Mwalimu akiandika ubaoni, sisi tunaandika daftarini. Akikosea, tunanakili na kosa lake. Usipopeleka kazi anakufuata mpaka nyumbani, anakaribishwa chai, na huku anakunywa anakusemea kwa mama yako. Wakati ule nilimwona mwalimu wa namna hiyo kuwa adui. Leo namlaumu kwa jambo jengine: alinifanya niamini kwamba duniani yupo mtu ambaye kazi yake ni kugundua kuwa mimi sipo.

Hayupo. Hilo ndilo la kwanza nililowaambia, na niliona nyuso kadhaa zikikunjana.

Nilipopata nafasi ya chuo, baba alikataa nisikae dahalia ya wanafunzi. Akasema ni kwa shangazi au nirudi nyumbani. Shangazi yangu alikaa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ambayo chokaa yake ilikuwa ikituangukia kwenye sahani. Alikuwa na chumba kimoja cha ziada chenye kitanda kimoja, na sharti lake lilikuwa wazi: msichana mmoja kwa wakati mmoja. Miaka mitatu nikae mimi, kisha miaka mitatu akae mdogo wangu. Tulipishana madarasa matatu, kwa hiyo mambo yalikaa sawasawa. Mwaka atakaomaliza skuli yeye, mimi nitakuwa natoka chuoni, naye ataingia.

Mdogo wangu alikuwa na akili kunishinda. Silisemi hili ili nionekane mnyenyekevu. Alikuwa akichukua daftari langu la hesabu, mimi nikiwa mkubwa wake, na kunisahihisha kwa kalamu nyekundu aliyoipata sijui wapi, na kila alipotia alama ya mkasi palikuwa na kosa kweli. Siku niliyoondoka alinibebea begi mpaka pwani. Hakulia. Aliniambia, "Dada, usichelewe kumaliza. Kile kitanda ni changu."

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa na somo moja ambalo alama zake zote za muhula zilitokana na insha moja kubwa. Huna alama hizo, huingii mtihani wa mwisho. Huingii mtihani, unarudia mwaka. Insha yangu niliandika kwa wiki tatu na nilimkabidhi mhadhiri mkononi mwake, akiwa anatoka darasani. Akaikunja, akaitia kwapani, akaenda zake. Wiki mbili kabla ya mtihani, alama zikabandikwa ubaoni. Wenzangu karibu wote walikuwa na tarakimu. Mbele ya namba yangu palikuwa na kistari.

Dawa ya kistari kile ilikuwa sentensi moja: "Mwalimu, alama yangu haipo, na insha nilikupa mkononi." Mtoto wa darasa la pili anaweza kuisema. Mimi sikuweza. Mhadhiri yule alikuwa mtu mzima, tena mtu wa kaskazini kama sisi, mama zetu wanajuana. Nitamwambiaje kuwa amepoteza kitu changu? Kwetu huwezi kumwambia hata jirani kwamba kuku wake wamekula mpunga wako. Unapita mlangoni kwake, unasalimia, unawasifu kuku kwa unene, na yeye anaelewa, kesho anawafungia.

Na mwenye haja kwetu haendi kuisema haja. Anakwenda kuamkia. Akija mara ya kwanza, mwenye nyumba anafurahi. Akija mara ya pili, anaanza kushuku. Mara ya tatu anamkaribisha vizuri, anamwacha apumue, kisha anamuuliza, "Enhe, una lipi?" Hapo ndipo mtu anasema. Nililelewa hivyo na nilidhani dunia nzima imelelewa hivyo.

Basi nikaenda kugonga mlango wa mhadhiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Nimekuja kukuamkia tu."

"Ahsante. Hawajambo huko nyumbani?"

"Hawajambo. Wanakusalimu."

Hakuna aliyekuwa amemsalimu. Niliwatungia salamu wazee wangu, nikatoka nje nikijiona nimepiga hatua.

Mara ya pili nilikwenda na pweza mkavu aliyeletwa na mama, nimemfunga kwenye gazeti. Mhadhiri alifungua, akanusa, akacheka kwa furaha. "Mwambie mama nashukuru sana. Huyu kwa nazi, wallahi, hana mwenzake." Nikangoja. Akamfunga tena pweza wake, akavuta mtoto wa meza na kumtia humo. Nikaaga.

Mara ya tatu ilikuwa siku moja kabla ya orodha ya watahiniwa kufungwa. Nilimkuta anazungumza kwenye simu, akaniashiria nikae. Alipomaliza, alizipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nikasema imenyesha. Akatazama dirishani kwa muda mrefu. Nilijua sasa hivi ataniuliza, una lipi? Nilikuwa nimeshaipanga sentensi yangu mdomoni. Akageuka, akasema, "Haya, mwanangu, nashukuru kwa kunijulia hali." Nami nikasema, "Naam," nikainuka.

Wapo watakaosema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilitoka nami mlangoni taratibu na kuteremka ngazi.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mitihani. Karani alikuwa mwanamke wa mjini, wazee wake watu wa bara, na hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno. Alipitisha kidole kwenye orodha, akapitisha tena.

"Wewe humo kwenye orodha. Ulikuwa wapi? Jana alikuja mwenzako ana tatizo hili hili, mhadhiri kamwandikia barua, limeisha kwa dakika tano."

"Nilikwenda kwa mhadhiri."

"Ukamwambiaje?"

Nikaipitia ile orodha kwa macho, kichwa chini juu.

"Nakuuliza, dada, ukamwambiaje?"

"Nilimwamkia."

Aliweka kalamu chini, akanitazama. Angecheka ningemsamehe, lakini hakucheka. "Orodha imeshafungwa," alisema. "Pole." Nilimchukia mwanamke yule miaka mingi. Nilimwona hana adabu, hana imani, mtu wa kuja. Sasa najua kuwa katika jengo lile zima ni yeye peke yake aliyeniuliza swali nililokuwa nikilingoja, ila alikaa kwenye mlango ambao sikuuendea mapema.

Nikarudia mwaka. Nyumbani nikasema chuo kimebadilisha taratibu. Baba akaamini, mama akajifanya anaamini. Mdogo wangu aliniuliza mara moja tu, "Kwa hiyo kitanda?" Nikamwambia ni mwaka mmoja tu, atangoja kidogo. Akasema, "Si neno, dada."

Wakati wake ulipofika, alifaulu kama tulivyotarajia sote, akapata nafasi, na mimi nilikuwa bado nimo kwenye kile kitanda. Akaomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja. Akabaki nyumbani, anapika, anachota maji, anasoma vitabu vyangu vya zamani. Mtu akikaa nyumbani watu wanamwona. Mwezi wa saba ikaja posa, kutoka kwa watu wema wa Mkokotoni, kijana ambaye hakuna aliyekuwa na la kumsema. Niliitwa kutoka mjini, nikavuka, nikakuta wazee wamekaa barazani na wanawake wamejaa ndani. Mdogo wangu alipoulizwa, aliinamisha kichwa. Mwanamwali akinyamaza, kwetu kimya chake ndilo jibu la kukubali. Wakasoma fatiha. Harusi ilifungwa kabla sijafanya mtihani wangu wa mwisho, na nilipotoka kwa shangazi kile kitanda kilibaki kitupu. Baadaye shangazi alikigeuza pahala pa kuwekea masanduku.

Siku ya mahafali, nikiwa nimevaa joho, mhadhiri yule alinijia kwa tabasamu. Akanipongeza. Kisha akaniinamia sikioni, kwa sauti ya mtu anayetubu jambo dogo.

"Mwanangu, ile insha yako iliniponyoka, sijui hata niliiacha wapi. Ulipokuwa unakuja nlikuwa najua kilichokuleta. Nkawa naona muhali kukwambia. Nkasema moyoni, akiniuliza tu, ntamtengenezea. Hukuuliza."

Alijua! Alikaa na mimi chumba kimoja, akaniuliza habari za mvua, akala pweza wa mama yangu, naye anajua. Tulikuwa watu wawili wenye adabu kamili, kila mmoja akimngoja mwenziwe avunje, na kilichovunjika kilikuwa cha mtu wa tatu aliyekuwa Tumbatu hana habari. Nilitaka kumvua ile kofia yake ya mahafali na kuitupa juu ya paa. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Si neno, Mwalimu." Tukapigwa picha pamoja.

Hayo ndiyo niliyowaeleza wanafunzi wapya. Nikawaambia mlangoni kwa mhadhiri salamu ni moja, na pumzi inayofuata iwe haja yako. Mficha uchi hazai. Mtu mzima akikasirika kwa kuambiwa ukweli kwa heshima, mwache akasirike, atapoa mwenyewe. Heshima si utumwa, wazee wetu wenyewe walisema, ila wanapenda tuisahau methali hiyo. Mzee wa kanzu alikuwa anatazama viatu vyake. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti, akasema tumshukuru dada yetu kwa ucheshi wake. Ucheshi! Wakapiga makofi yale yale waliyompigia mzee.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Mkokotoni kwa mdogo wangu. Ana watoto wanne na mume asiye na ubaya. Alasiri watoto wa jirani huja barazani kwake na madaftari ya hesabu, naye huwasahihishia bila kutaka kitu. Nilimkuta na rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Nikamhadithia hotuba yangu yote, jinsi nilivyowatolea uvivu, jinsi mzee alivyotazama viatu. Nilipofika kwa pweza kwenye mtoto wa meza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Nikajiona jasiri. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote.

"Na wewe, siku ile ya posa, kwa nini hukusema hutaki?"

Hakuinua uso. Alimaliza kwanza mstari aliokuwa anausoma.

"Nlikuwa nakungoja wewe useme," alisema. "Nliposikia umekuja kutoka mjini, nkashukuru. Nkasema, dada keshafika, yeye ndo msomi, atawaambia."

"Mimi?"

"Ukaingia, ukawaamkia wote, mmoja mmoja. Ukala, ukaondoka na boti ya alasiri."

Kisha akageuza ukurasa, akaendelea kusahihisha.