Gunia Lililokosa Uzito

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua hivyo na hajawahi kulalamika. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikikaa na wazazi wangu mtaa wa Lucky Summer, chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande wangu wa pazia palikuwa na kitanda na kompyuta kuukuu ambayo ofisi moja ya mjini ilikuwa karibu kuitupa. Ikiwashwa ilinguruma mpaka jirani anagonga ukuta.

Kwa kompyuta hiyo nilijifunza kutengeneza katuni. Studio moja ndogo ilikuwa imetangaza nafasi ya mwanafunzi wa kazi. Kila anayeitaka alete filamu ya nusu dakika, zionyeshwe Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa, kisha achaguliwe mtu mmoja. Mmoja tu! Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka mitatu tangu nimalize shule. Nikiikosa hiyo, ningeenda kufunga biskuti kiwandani Industrial Area kama wenzangu. Si kazi mbaya, lakini moyo wangu haukuwa huko.

Basi nikamchora mtu anayebeba gunia la mahindi. Baba yangu alikuwa kibarua wa kupakua malori kwenye godauni, na nilidhani ninampa zawadi.

Hebu nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana ndipo kosa langu lilipo. Picha za katuni hazitembei. Zimetulia, ishirini na nne kwa kila sekunde, kila moja imepishana kidogo na iliyotangulia, na jicho lako ndilo linalodanganyika. Zamani zote zilichorwa kwa mkono. Kompyuta ikatuletea uvivu mtamu: unachora picha ya mwanzo, mtu ameinama, unachora ya mwisho, amesimama na gunia mgongoni, zile za katikati programu inakujazia. Mimi nikaiachia ijaze. Ikazipanga sawasawa, kila picha umbali uleule na mwenzake, na mtu wangu akainuka na gunia kama aliyeokota mto.

Mimi niliona ni ajabu ya dunia. Rafiki yangu Oti naye alipoiona akapiga kofi. "Manze, Nyambura, hii iko fiti! Hiyo nafasi ni yako." Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe tembo hulifanyaje.

Alhamisi jioni nikamwonyesha Baba. Alitazama mara tatu, kikombe cha chai mkononi, hanywi.

"Huyu mtu wako siwezi kumwambia pole," akasema.

"Kwa nini?"

"Hajabeba kitu."

Unajua sisi hapa, mtu akikupita na mzigo, neno pole linakutoka lenyewe, hata kama humjui. Baba alikuwa anasema kwamba neno hilo halikumtoka. Nami, kwa ujeuri wa miaka ishirini na mmoja, nikamjibu, "Baba, haya ni mambo ya kompyuta. Wewe utayajulia wapi?"

Upande wa pili wa pazia, Mama akaacha kuosha vyombo. Baba akaweka kikombe chini polepole.

"Ni kweli," akasema. "Kompyuta siijui. Gunia ninalijua. Kesho twende kazini."

Hakupandisha sauti, mwanangu. Angenigombeza ningepona haraka.

Tulitembea naye asubuhi mpaka Industrial Area. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona anakofanya kazi. Watu wazima wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeimba methali hiyo darasani bila kujua kwamba nilikula, nikavaa na nikasoma kwa mzigo wa mtu mwingine.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuna anayeinama na kuokota gunia la kilo tisini peke yake. Baba alisimama nyuma ya lori, miguu ameitanua, mgongo ameutega. Wawili walio juu wakalisukuma. Kabla halijamfika, mabega yake yalishuka kidogo kulipokea. Likatua. Magoti yakakunjika, mwili mzima ukazama, ukarudi juu nusu tu. Akatulia kidogo akitafuta mizani. Kisha akaondoka kwa hatua fupifupi za haraka, shingo mbele, magoti hayanyooki kamwe. Na alipolitupa ghalani hakusimama wima mara moja. Mgongo uliendelea kuinama, kana kwamba haujaambiwa kuwa mzigo umetoka.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Nilijificha nyuma ya gurudumu la lori nikalia, sikufichi. Halafu nikapangusa macho nikatoa daftari, maana kazi ni kazi. Nikachora kila mkao wa mwili wake, nikihesabu sekunde kwa midomo.

Niliporudi nyumbani, siku yote iliyobaki nilifuta picha zote ambazo programu ilinijazia, nikazipanga upya moja moja. Mwili ulipotulia, nilizibananisha picha, mwendo ukapungua. Gunia lilipoanguka, nikaziachanisha, mwendo ukaongezeka. Hapo ndipo uzito wote ulipo, mwanangu. Haumo kwenye rangi wala kwenye mashine ya bei ghali.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Filamu yangu ilikuja ya sita. Gunia likatua mgongoni, magoti yakakunjika, na Mama Halima jirani yetu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akasema kwa sauti, "Pole, baba!" Kisha akaziba mdomo na buibui kwa aibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Kutoka nyuma kabisa, nikasikia sauti ninayoijua.

"Asante, mama."

Baba hakuwa akicheka. Alimjibu Mama Halima kama anavyojibiwa mtu aliyekupa pole njiani. Nafasi ile niliipata, na bado ninakula kwa kazi hiyo. Lakini nakwambia, hata ningeikosa, asante ile ingenitosha.

Sasa nisikilize. Programu zenu za leo zinajaza hata nyusi na machozi, na ninyi mna vipaji kutushinda sisi. Nikiona mnayoyafanya kwa simu tu, moyo wangu unafurahi. Tumieni, msiogope. Lakini mashine haijawahi kubeba kitu, itakupa picha za katikati bila kujua kinachouma. Kabla hujamchora mtu, nenda ukamtazame, na anza na aliye karibu, yule uliyemzoea hata humwoni. Na mzazi asiyejua kompyuta akikwambia kitu kimekosekana, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Mwulize ni nini.

Nenda, mwanangu. Mungu aupe mkono wako ustadi na mgongo wako nguvu ya kubeba lililo lako, na kokote utakakopita na mzigo, asikukoseshe mtu wa kukuambia pole.