Notisi ya Siku ya Lori

Meneja alinipa kazi hiyo Ijumaa, na tangu hapo sikutulia. Nilitakiwa kumwambia mzee wa ofisi ya wakulima, pale kiwandani kwetu, kwamba notisi zake hazieleweki. Mzee huyo ni mkubwa kuliko baba yangu, na ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa mdogo. Ningeanzia wapi?

Lakini mambo yalikuwa yameharibika. Barabara ilikuwa inatengenezwa, na lori la kuchukua majani chai likahamishwa kutoka Jumanne hadi Jumatano. Mzee akaandika notisi ya ukurasa mzima, siku mpya akaiweka chini kabisa, karibu na sahihi yake. Jumanne akina mama walichuma kama kawaida, wakangoja kituoni hadi jioni. Majani yakapata joto ndani ya magunia, yakawa mekundu, yakamwagwa.

Jumatatu niliingia ofisini kwake, nikatoka kama mtu aliyesahau kalamu. Nikaenda kusimama kwenye mashine za kunyausha majani, nikarudi.

"Msichana wangu, unatafuta nini?" akauliza.

"Mzee, naomba unisomee notisi ya wiki hii. Nikusikilize kama mkulima."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: "Kufuatia mashauriano ya kina na wadau husika kuhusu changamoto za uchukuzi..."

Nikamwacha asome mpaka mwisho.

"Sasa mzee, mimi nimebeba gunia na mvua inakuja. Nilete majani lini?"

"Si imeandikwa hapa?"

"Wapi?"

Kidole chake kikatafuta, mstari baada ya mstari. Akavua miwani.

"Umetumwa kunisahihisha?"

"Nimetumwa, ndiyo. Lakini hata nisingetumwa ningekuja. Mama yangu alikuwa kwenye kile kituo."

Akachukua karatasi yake akatoka, chai yake akaiacha mezani. Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Kila hatua niliyosikia koridoni nilidhani ni yake. Nikawaza nitamsalimiaje mkewe kanisani.

Alasiri akarudi na karatasi yenye maneno machache: "Chamgei, wakulima wetu. Lori litakuja Jumatano. Jumanne msichume. Barabara ikiisha tutawaambia."

Nilitaka kuifuta ile salamu ya Kikalenjin, notisi ianze na siku.

"Hiyo usiguse," akasema. "Watu husalimiwa kwanza."

Nikaona amesema kweli, nikaiacha.

Jumatano mama alinipigia simu kutoka kituoni. Lori lilikuwa limefika, na majani yote yamepakiwa. Mzee hakuniambia asante. Lakini sasa kila akiandika notisi anakuja mlangoni kwangu, anaisoma kwa sauti, kisha ananitazama. Nami moyo huanza kwenda mbio kabla hajafika katikati, kwa sababu najua nitalazimika kusema kitu.