Picha ya mtoto wa kaka yangu niliisambaza mimi, na Ijumaa inasomwa halbadiri

Admin, nifiche jina. Lamu itaje ukitaka, lakini jina langu likitoka hapa nimekwisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, sijaolewa, naishi Lamu mjini kwa kaka yangu. Kaka ni mvuvi, wiki zake nyingi zinaishia Kiunga, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, wifi yangu na mtoto wao wa miaka minne. Wifi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Mtoto nitamwita Muhsin, ingawa silo jina lake. Ana tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi kidogo midomo hubadilika rangi, anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa na kusubiri pumzi imrudie. Anatakiwa kupasuliwa Jumanne ijayo, hospitali ya watoto, Mombasa. Tarehe hiyo tumeingojea zaidi ya mwaka.

Sasa sikieni nilivyojiponza.

Mtaani kwetu kuna chumba cha pleisteshen, cha binamu yangu. Mwezi uliopita vijana wake walipata wazo zuri, na nasema zuri hata leo. Wacheze gemu ya mpira siku tatu mfululizo, kuanzia baada ya alfajiri hadi isha, wakipokezana na kusimama kwa swala na chakula tu, yote yaonyeshwe laivu ili watu wachangie hospitali za watoto. Simu na ukurasa nilipewa mimi, kwa sababu kwa mambo ya simu sina mpinzani mtaani, na hilo silisemi kwa majivuno. Haya, nalisema kwa majivuno.

Siku ya kwanza tulitazamwa na watu kumi na mmoja, watatu kati yao mama zao wachezaji. Vijana macho mekundu, vidole vimevimba, na mchango hauingii. Niliona aibu kama bibi harusi aliyekosa wageni.

Siku ya pili baada ya adhuhuri nikaweka picha ya Muhsin. Niliipiga mwenyewe tulipompeleka vipimo, wifi ametoka kufuata majibu: amelala kitanda cha wodi, kifua wazi, waya zimebandikwa. Sikumwomba wifi ruhusa kwa sababu nilijua atakataa. Yeye ni mtu wa Kizingitini, na alivyolelewa, mtoto mgonjwa haanikwi mbele za watu. Hata mgeni akija kumtazama, wifi humfunika Muhsin uso kwa leso kwanza, mgeni aseme mashallah, ndipo amfunue. Nikajiambia hatajua, hana simu kubwa.

Watu walimiminika. Walitoka Mombasa, Malindi, mpaka Uarabuni, na michango ikaanza kuingia. Kila mtu alisifu uzuri wa mtoto, na wachache sana walikumbuka kusema mashallah. Mmoja nisiyemjua akaandika, "Mtoto huyu mzuri mno, hatakaa." Niliyafuta maneno hayo upesi, lakini nilikuwa nimeshayasoma.

Siku nne baadaye Muhsin alishikwa na homa. Siku hizohizo akaja mama mmoja wa Ndau, jamaa yake wifi, kumjulia hali, na picha anayo kwenye simu, imeshachukuliwa na ukurasa wa watu wengine bila kutaja ilikotoka. "Bi, huyu si mwanao?" Wifi aliichukua simu akaitazama. Hakulia. Aliuliza moja tu: "Wangapi wamemuona?" Yule mama akamsomea idadi. Mimi nilikuwa palepale nimekalia mbuzi, nakuna nazi, na niliendelea kukuna.

Kwa kuwa picha ni ya kitanda cha wodi, wifi akaamua ni wauguzi. "Wamemtoa mwana wangu mbee za mato ya watu, kisha niwapelekee wampasue? Siendi. Nimyue kwanda aliyefanya haya." Yaani mtoto hapasuliwi mpaka mkosaji ajulikane. Kaka alipiga simu kutoka Kiunga, akasihi, akagomba, mwisho akakata simu. Homa ya Muhsin imeshuka, lakini sasa anakaa chini hata kabla ya kufika kwenye ngazi. Begi la safari ya Mombasa wifi amelifungua na kurudisha nguo kabatini.

Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie. Mara tatu nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Mwoga mimi, najua, msinitukane sana.

Jana akanambia, "Yeo nimeonana na mwalimu. Ijumaa baada ya alasiri yasomwa halbadiri hapa nyumbani. Wewe utakaa kando yangu uitikie amin." Kwa wasiojua, halbadiri ni kisomo cha kumshtakia Mungu mkosaji asiyejulikana, na huku kwetu hakuna anayekifanyia mzaha, kwa sababu kikishasomwa hakirudishwi. Nikajikaza, nikamuuliza atamwombea nini mtu huyo.

Alikuwa anamkanda Muhsin mgongo kwa mafuta. Hakuinua hata kichwa. "Namuombea ayaone niyaonayo mimi. Yeye na wote wa damu yake."

Muhsin akaninyooshea mikono. "Shangazi, nibebe." Nikambeba. Moyo wake niliusikia kifuani kwangu ukienda mbio, na yeye ametulia tu. Mama yangu hayupo, baba hayupo, mtoto sina. Damu yangu ya karibu, ukimtoa kaka, ni huyu niliyembeba.

Nikisema, huenda nikafukuzwa, na huenda wifi kwa hasira asiende Mombasa hata hivyo. Nikinyamaza, Ijumaa nitakaa kando yake niitikie amin juu ya mtoto huyu, na Jumanne itapita. Leo ni Jumatano. Ninyi mlio na vifua vya kusema ukweli, niambieni naanzia wapi, na mniambie leo.