Mtamba wa Manju Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa mfuko wetu pale Bariadi alinipeleka zizini kabla ya kunionyesha ofisi. "Mhasibu, benki yetu ndiyo hii," alisema. Tulisaidia manju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, waliozeeka au kuugua. Ushuru mdogo wa pamba kupitia ushirika ulinunua mitamba, ng'ombe ambao hawajazaa. Manju mhitaji alikabidhiwa mmoja: maziwa na samadi ni vyake, ndama wa kwanza ni wa mfuko, apelekwe kwa manju mwingine. Wasukuma tulikuwa tukikabidhiana mifugo kabla hatujafundishwa neno mtaji.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na mizani zao, ushirika ukayumba, ushuru ukakauka. Tukaletewa Mkurugenzi mpya, mtu wa semina.

"Ng'ombe si fedha," aliniambia. "Wauzwe, fedha zikae benki zizae riba."

"Na hiyo riba, mgonjwa ataikamua?"

"Mzee, umepitwa na wakati."

Mzee! Hata miaka arobaini sikuwa nimefika.

Nilitumwa Zagayu na dereva kumchukua mtamba aliyekabidhiwa Manju Masanja; ng'ombe huyo sasa alikuwa amezaa na anakamuliwa. Masanja alikuwa amepooza upande mmoja. Mkewe, Kabula, alitupokea kwa "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na kibuyu cha maziwa, akidhani tumekuja kumjulia hali mgonjwa. Nilipomweleza, kibuyu kilibaki mkononi mwake.

"Baba, kwani tumemtunza vibaya?"

Nilikataa kushika kamba. Dereva aliishika.

Ng'ombe waliuzwa, na fedha zile hazikuzaa kitu. Zilikwenda kwenye posho, malipo ya kukaa mkutanoni, na kwenye mafuta ya gari la Mkurugenzi. Nilimwambia mbele ya kamati kwamba anakula ng'ombe wa wagonjwa. Kesho yake nilihamishiwa stoo.

Masanja alifariki kiangazi kilichofuata. Mkurugenzi alifika msibani na vipaza sauti, akamsifu marehemu mpaka jasho likamtoka, kisha akaondoka kabla ya kuzika. Hasira ile bado ninayo ninapoandika haya.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaoanzisha mifuko ya wasanii huja kuniuliza habari za hesabu, nami huwaambia wakaanzie nyumbani kwa mgonjwa, waone anakula nini. Wengine hunisihi nisamehe, mambo yamepita. Mimi nisamehe kama nani? Aliyenyang'anywa ni Kabula, yuko hai Zagayu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi.