Boga Lenye Kitambaa

Marehemu mzee Yusto alikuwa bahili wa mbegu, simsingizii. Miaka tisa tulilima naye bustani ya kikundi hapa Mollo, tuta lake limepakana na langu, na sikuwahi kupata kwake hata mbegu moja ya boga. Lilikuwa boga la kijivu, nyama yake kavu na tamu, mbegu aliachiwa na mama yake. Kila msimu alichagua boga moja, akalifunga kitambaa kwenye kikonyo, nasi tulijua hilo haliguswi mpaka likomae na kutolewa mbegu. Nilimtania kwamba atazikwa nazo. Naujutia mdomo wangu.

Mwaka huo alianza kuumwa mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa amebakiwa na mbegu chache, akazimaliza zote kwenye shimo moja. Mwezi wa kwanza mkewe, Silvana, alimshika mkono wakaja polepole mpaka bustanini. Shimo lilikuwa limezaa boga moja tu; Yusto akachana upindo wa shati lake, akalifunga.

"Hili usiache lipotee," akamwambia mkewe.

Silvana akaahidi. Wiki tatu baadaye tukamzika mumewe.

Kwetu mwanakikundi akifiwa, tunachuma mboga kulisha waombolezaji. Mimi nilikwenda kutafuta kuni. Bustanini alikwenda Elizabeth, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mbeya, aliyejiunga nasi baada ya Krismasi. Hakuna aliyemweleza habari za kitambaa, na hilo ni kosa letu, si lake. Niliporudi, boga lilikuwa limeshamenywa na kuchemka.

Silvana alikuwa amekaa ndani mkekani, siku ya pili bila kula. Elizabeth alimpelekea sahani kwa magoti, akamwambia amechagua lile lenye kitambaa kwa sababu lilikuwa zuri kuliko yote bustanini, akaona liwafae watu wa mzee. Nikaona mkono wa Silvana umesimama njiani. Kisha akala. Akala lote, machozi yakidondokea sahani, na wanawake wakashukuru kwamba mama amekula.

Matanga yalipoanuliwa, mimi na Silvana tulichambua shimo la takataka kwa vidole. Tukapata mbegu kumi na moja ndani ya majivu. Zilikuwa changa bado, nyembamba kama karatasi. Nilijua hazitaota, naye alijua. Nilikasirika, nikasema kesho namwambia Elizabeth alichofanya. Silvana akanikataza. Akasema yule binti alimpikia kwa mapenzi, asije akabeba mzigo huo maisha yake yote.

Mwezi wa kumi na moja alizifukia zote kumi na moja palepale pa Yusto. Mvua ilichelewa, akawa anabeba maji kutoka mtoni asubuhi na jioni. Maharage yangu yaliota, kabichi za wengine zikafunga. Kwake udongo ulibaki mtupu, nami nilishindwa kumtazama.

Siku moja Elizabeth alipita na jembe lake, akamwamkia shikamoo, akasimama.

"Mama, hapa umepanda nini? Mbona hakioti?"

Nikafungua mdomo. Silvana akaniwahi.

"Sijapanda kitu, mwanangu. Napapumzisha."

Elizabeth akaitikia, akaenda kwenye tuta lake. Silvana akamsubiri afike mbali, halafu akainua ndoo, akapamwagilia.