Kinyozi Asiyeogopa Minyoo

Tak Pan-su amenyoa vichwa kando ya mto Nakdong kwa miaka arobaini, na kwa miaka hiyohiyo amekula samaki wabichi wa mto huo, wamekatwa vipande vyembamba na kuchovywa kwenye rojo la pilipili. Akiambiwa samaki hao wana minyoo ya ini, yeye humimina soju, pombe kali ya kwao.

"Mnyoo gani ataogelea humu atoke hai?" huuliza, na wateja hucheka mpaka wembe usimame.

Kila mwaka theluji ikiyeyuka, nesi Yun-hui hugawa vikopo vya kupimia choo kwa walaji wote wa samaki wabichi. Kila mwaka majibu ya Pan-su huwa safi. Hapo ndipo humwezi: kifua mbele, shingo kama jogoo. "Ini la mwanamume hili, ndugu zangu! Si hayo maini yenu ya kuku wa kizungu."

Siri ni kwamba choo kile hakikuwa chake. Tangu kaka yake mkubwa azikwe kwa ugonjwa wa ini, dume hilo lilikuwa likiona kikopo linatoka jasho. Kikopo alikijaza mkewe, Mal-sun, ambaye hapimwi kwa sababu wanawake wa kule samaki hukata tu, walaji ni waume zao.

"Lete," husema mama wa watu, "usije ukazimia chooni bure."

Mwaka huu Yun-hui aliingia kinyozini pamejaa watu. "Mzee Tak, safari hii minyoo wamo. Tena si haba." Akatoa vidonge. "Meza hapahapa nikuone."

"Simba kapata wapangaji!" alipiga kelele Deok-chil, povu la kunyolea likiwa bado kidevuni.

Pan-su hakumsikia. Akilini alikuwa akimwona Mal-sun jikoni, kisu mkononi, akitupia kipande mdomoni kuonja kama samaki ni wa leo. Akivimeza vidonge hivi, siri itabaki kwake na minyoo watabaki kwa mkewe.

"Si vyangu, nesi," alisema.

"Jina si lako hili?"

"Jina langu. Choo cha mke wangu."

Duka zima la kinyozi likalipuka kwa kicheko. Povu lilimpanda Deok-chil puani. "Miaka yote unatutambia ini la mwanamke!"

"Na bado lilikushinda wewe," alijibu Pan-su.

Yun-hui hakucheka. Alimpa Pan-su kikopo kipya, akamgeukia Deok-chil. "Na wewe, mzee, chako ni chako?"

Deok-chil akakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Mchana ule Mal-sun alimeza vidonge vyake mbele ya nesi, na Pan-su akakijaza kikopo mwenyewe, mlango umefungwa, huku akipiga mluzi wa kujitia moyo. Jioni sufuria ilitokota mpaka samaki wakalegea.

"Eti wanaume hula wabichi," Mal-sun alimchokoza.

"Chumvi haijakolea," alijibu, akisogeza bakuli. "Lakini niongezee mchuzi."